Zimwi Lililokunywa Mto wa Bi Mashavu

Kaeni, ila chai msinywe kwanza. Haya niliyaona mimi, jicho hili lililowahi kuona upepo ukipiga chafya.

Bi Mashavu, akiandaa harusi ya bintiye, alimwaga matumbo na magamba ya samaki mtoni.

"Bibi, basi," mto ukasema.

Akamwaga.

"Bibi, basi."

Akamwaga.

"Bibi, nitakurudia."

"Nenda zako baharini huko."

Mto ukaenda. Baharini zimwi lenye tumbo la nchi saba likaunywa na uchafu wake, likapaa, likawa wingu. Siku ya harusi, pilau imepakuliwa, likatapika. Utumbo juu ya sinia, magamba juu ya biharusi.

"Mvua gani hii?"

"Yako, bibi," mto ukajibu toka juu.

Bwana harusi anakimbia mpaka leo.

Haya, zimwi nimelizua. Jua hupandisha maji matupu, uchafu huuacha. Umebaki mtoni, na chai hii mmeipikia maji ya wapi?