Wapangaji wa Mgunga

Hadithi iko mlangoni! Ifungulieni, iingie!

Zawena aliuzungushia majivu mgunga uliompa mwanawe kivuli, akawafukuza sisimizi waliomng'ata mtoto. Punde zimwi likaja. Likatafuna tawi la kwanza, la pili, la tatu!

“Nikimaliza mti, zamu ya mtoto!” likacheka.

Mgunga ukalia, “Mama, nirudishie wapangaji wangu! Mimi huwalisha utamu, nao hunilinda.”

Zawena akafagia majivu, akamwaga uji wa mwanawe kutoka nyasini hadi shinani. “Rudini, wenzangu, nisameheni!”

Sisimizi haooo! Shinani, tawini, puani mwa zimwi!

“Pua yangu, mamaaa!” Likatimua mbio.

Ndiyo maana mgunga haukai bila sisimizi, wala zimwi halikai penye mgunga. Hadithi imeshiba, nayo ikalale.