Pimbi na Majani Matatu ya Mwisho

"Hadithi iko mlangoni, jamani!"

"Ifunguliwe, iingie!"

"Ina njaa!"

"Tuna masikio, tutailisha!"

Haya, kaeni. Na wewe pale nyuma, acha kutafuna. Hadithi hii ina mlafi wake tayari.

Hapo kale, kule ambako mto hupinda kuukwepa mlima, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, kutwa yuko juu ya mwamba anaota jua. Ila Pimbi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kusoma.

Nchi nzima ilikuwa na kitabu kimoja tu. Alikitunga Bi Nungunungu, mkazi wa ng'ambo, ambaye huchomoa mwiba wake mwenyewe, akauchovya kwenye wino wa masizi, akaandika juu ya majani makavu ya mgomba. Kitabu kilivushwa mto mgongoni kwa Kiboko, maana mvushaji ni yeye, kisha kikapita nyumba kwa nyumba. Kilikuwa kitabu cha Konokono aliyepotezana na mama yake siku ya mafuriko. Akamtafuta, akamtafuta, akamtafuta, mpaka akafika kwenye kijumba kimoja na kubisha. Ngo, ngo, ngo! Mlango ukafunguliwa, na aliyefungua alikuwa...

Basi. Jani limeisha, kitabu kimeisha.

"Alikuwa nani?" Pimbi akauliza.

"Huo ndio usanii wenyewe," akajibu Nyani, aliyekuwa akijiona msomi. "Mtunzi amekuachia ufikiri. Wewe huwezi kuelewa."

Roho ilimuuma Pimbi. Yeye naye mama yake alichukuliwa na mafuriko, akalelewa na shangazi. Alitaka kujua kama mlango ule ulifunguliwa na mama. Alitaka sana.

Siku moja ndege Chiriku, mdomo haufungi, akapita akipiga kelele. "Bi Nungunungu anakuja! Mwenyewe! Kesho asubuhi uwanjani! Atavuka kwa gogo, ataondoka jua likifika utosini, ana watoto nyumbani!"

Weee! Pimbi alizunguka mwamba mara saba. Mtunzi mwenyewe! Mnene au mwembamba? Anacheka kama wengine? Anakula muhogo au anakula maneno tu? Na mimi nitamuuliza, alijisemea, nitamuuliza swali langu moja.

Kisha akakumbuka jambo, akakaa chini.

Akamkumbuka Kiboko. Nchi ile ilikuwa na desturi yake: hakuna shughuli inayoanza bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi siku zote ni Kiboko, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia si yeye. Mwaka uliopita alikuja Kasuku, mtunzi wa mashairi. Kiboko akasimama kusema machache. Akayasema machache hayo mpaka jua likapita utosini, akala matikiti ya wageni wote, Kasuku akarudi kwao hajafungua mdomo. Kasuku, jamani! Hajafungua mdomo!

Basi asubuhi ile Pimbi hakwenda uwanjani moja kwa moja. Alipitia kwenye matete, alikokaa Kiboko kusubiri kuitwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Wako tayari? Niingie?"

"Bado, Mheshimiwa. Kwani mkubwa huingia wa kwanza?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake huchukua muda. "Hapana. Mkubwa huingia wa mwisho."

"Na mambo makubwa husemwa kwanza au mwisho?"

"Mwisho!"

"Basi ukitoa ruhusa, wamalize kwanza vitu vidogo vidogo. Wakisafisha uwanja, ndipo wewe uingie."

"Nenda kawaambie," akanguruma Kiboko, "waanze na vitu vidogo vidogo. Na chakula changu kifunikwe!"

Pimbi akatoka mbio, tiki tiki tiki, mpaka uwanjani. "Mgeni rasmi ametoa ruhusa! Anasema tuanze!"

Wanyama wakatazamana. Haijawahi kutokea. Lakini ruhusa ni ruhusa, wakaanza.

Pimbi akanyoosha shingo kumtafuta mtunzi. Alitarajia jitu lenye macho ya moto. Akaona bibi mfupi, miguu ina vumbi, ana mafua. "Chyaa!" akapiga chafya, akaomba maji. Ndiye huyu? Aliyemzungusha Konokono dunia nzima ni huyu anayejipangusa pua? Pimbi alimkodolea macho mpaka akasahau kupepesa. Kwa jinsi fulani alimpenda zaidi.

Foleni ya maswali ikapangwa. Pimbi akawa wa tatu. Swala akauliza lake, Bi Nungunungu akajibu kitu cha kuchekesha, uwanja mzima ukalipuka: kwa kwa kwa kwaa!

Matete yakatikisika. Pimbi akaiacha foleni, tiki tiki tiki.

"Nani anacheka?" akauliza Kiboko.

"Wanafanya mazoezi, Mheshimiwa. Ukitaniana nao baadaye, wasije wakachelewa kucheka."

"Vizuri. Niingie?"

"Bado."

Tiki tiki tiki, Pimbi akarudi. Nafasi yake imeshachukuliwa na Ngiri. Sasa ni wa saba. Wa saba akawa wa tano, wa tano akawa wa tatu, na jua linapanda. Bi Nungunungu akawasomea ukurasa, wakapiga makofi: pwa, pwa, pwa!

Matete yakatikisika. Pimbi akatazama foleni, akatazama matete. Akienda, nafasi inapotea. Asipoenda, Kiboko anakuja. Akaenda, machozi yanamlengalenga.

"Makofi ya nani hayo?"

"Yako, Mheshimiwa. Wanayapima kama yanakutosha."

"Hayatoshi! Waongeze! Niingie?"

"Bado."

Tiki tiki tiki. Sasa akawa wa mwisho kabisa. Kivuli chake kilikuwa kifupi, kimejikunja chini ya tumbo. Bi Nungunungu akaanza kufunga mkoba wake.

"Bi!" Pimbi akapaza sauti, hata yeye mwenyewe akaogopa. "Shikamoo, Bi! Moja tu!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Ule mlango, Bi. Nani alifungua? Nyani anasema umetuachia tufikiri. Nimefikiri mvua mbili nzima na sijui."

Bi Nungunungu akamtazama, akamtazama Nyani, akamtazama tena Pimbi. "Nani kasema kitabu kinaishia mlangoni? Niliandika majani thelathini."

"Yako ishirini na saba, Bi."

"Nani alikivusha?" akauliza mtunzi.

Shingo zote zikageuka taratibu kuelekea kwenye matete. Nyani akaanza kukagua kucha zake.

"Mlafi yule!" akasema Bi Nungunungu, akaufungua tena mkoba. "Watoto watanisamehe. Njoo ukae hapa." Akachomoa mwiba, na palepale, huku Pimbi akimpulizia wino ukauke, akaandika upya majani matatu. Akaandika, akapiga chafya, akaandika. Kisha akamsomea, polepole.

Mlango ukafunguliwa, na aliyefungua alikuwa mama. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu, "Umechelewa, mwanangu. Ingia, chakula chako nimekifunika."

Pimbi akalia pale pale mbele ya watu. Akalia mpaka kamasi, wala hakuona haya. Mtunzi akampa kitambaa alichokuwa akipangusia pua, wakapangusa pamoja.

Huko kwenye matete Kiboko akasikia kilio, akachoka kusubiri, akatoka kwa kishindo. Tii! Tii! Tii! Alipofika uwanjani, Bi Nungunungu alishavuka gogo, wanyama walishatawanyika na matikiti tumboni. Amebaki Pimbi peke yake, ameyakumbatia majani yake.

"Vitu vidogo vidogo vimekwisha?"

"Vimekwisha vyote, Mheshimiwa. Sasa ni zamu yako. Na chakula chako kile pale, kimefunikwa."

Kiboko akafunua kapu. Ndani mlikuwa na majani matatu makavu ya mgomba, matupu, bila neno hata moja. Njaa haichagui, akayatia mdomoni. Akatafuna, akatafuna, akakunja uso.

"Mbona hayana ladha? Yale ya kwenye kitabu yalikuwa matamu kuliko haya!"

Hapo akagundua alichosema. Lakini Pimbi alishapanda mwamba, na Kiboko, mnajua wenyewe, hapandi mwamba. Akasimama katikati ya uwanja mtupu, akakohoa, akaanza kusema machache. Nasikia hajamaliza mpaka leo. Ukipita mtoni ukasikia "hoo, hoo, hoo," ndiyo hotuba hiyo.

Funzo lake, wanangu, ni kwamba uongo ni mbaya sana na mwongo hafiki popote. Pimbi? Ndiyo, Pimbi alifika, alifika mpaka jani la mwisho, lakini msiniharibie funzo. Mkubwa akichelewa, msianze bila yeye. Mwombeni ruhusa kwanza.

"Hadithi imeshiba, inaaga!"

"Ipite, mlango uko wazi!"