Ufa wa Jikoni kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla wanyama hawajachoshwa na ngazi wakarudi porini, walikaa kwenye jengo la ghorofa. Chini alikaa Kiboko. Katikati alikaa Bi Pimbi na pacha wake wawili. Juu kabisa alikaa Nyati.

Maji ya jengo zima yalipitia kwa Kiboko, kwa sababu pampu na koki kubwa vilikuwa bafuni kwake. Basi Kiboko alifanya nini? Aliifunga koki ya kwenda juu, krii, krii, krii, akajaza hodhi lake, akajilaza humo siku tatu.

Huko katikati, Bi Pimbi alibakiwa na jagi moja tu. Maharage hayajachemshwa. Pacha wametoka harara mwili mzima, wanajikuna na kulia.

"Mama, tunawashwa!"

"Vumilieni, wanangu. Maji haya ni ya kunywa."

Nyati alisikia kilio. "Niachieni mimi!" akasema, akashuka ngazi, du! du! du!

"Kiboko! Fungua koki!"

Kiboko akafunua kinywa, aaap! Meno yalikuwa marefu kama michi. "Njoo uifungue mwenyewe."

Nyati akapanda tena, safari hii polepole.

"Vipi, jirani?" Bi Pimbi alimuuliza.

"Nimeona nimpe muda afikirie."

Bi Pimbi hakucheka, walau si mbele yake. Alifanya kama wafanyavyo wote maji yakikatika: aliacha bomba la jikoni wazi, akatega sufuria chini yake ili maji yakija asikie. Kisha akawapandisha watoto kwa Nyati, kwenye upepo.

Hawajakaa vizuri, bomba likakoroma, kho, kho, khooo! Kumbe Kiboko, akijigeuza hodhini, ameigonga koki kwa makalio! Bi Pimbi akashuka mbio. Akakuta sufuria imepinduka, maji yanazama kwenye ufa wa sakafu, tone, tone, tone. Na bomba limeshakauka. Kiboko ameifunga tena koki.

"Nimekwisha," Bi Pimbi alijisemea. "Maji yamemdondokea. Sasa atapanda kunigombeza."

Akatega sikio kwenye ufa. Hakusikia matusi. Alisikia, "Aaaah! Hapo hapo! Aaaah!"

Bi Pimbi akawaza. Hodhi la Kiboko halikuwa na kina. Maji yalimfika tumboni tu. Mgongo ulibaki mkavu, unawasha, na mwenyewe haufikii.

Akajifunga kanga yake vizuri, akashuka.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata maji? Hakuna!"

"La, mzee wangu. Nimekuja kuomba radhi. Maji yamekudondokea kutoka kwangu. Fundi anakuja leo leo kuuziba ule ufa."

Kiboko akainua kichwa. "Auzibe?"

"Kwa saruji. Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Wahenga hawakuwa na mgongo wangu! Huyo fundi asiguse kitu. Nenda kanidondoshee tena."

"Nitadondosha nini, mzee? Bomba langu kavu."

Kiboko akamtazama. Akaitazama koki. Akaifungua kidogo, krii.

Bi Pimbi akatunga uongo papo hapo, uso umetulia tuli. "Kidogo hivyo hayatanifikia. Maji hupanda kwanza hadi kwa Nyati. Yakishamtosha yeye, ndipo yanageuka kuja kwangu."

"Kwa nini yaanzie kwa yule mpiga kelele?"

"Jengo sikulijenga mimi, mzee. Basi tuache tu, fundi aje..."

"Wee! Ngoja!" Krii, krii, krii! Koki yote wazi.

Bi Pimbi akapanda ngazi mbili mbili. Bomba likakoroma, likakohoa, likamwaga, shwaaa! Akajaza ndoo, akajaza madebe, akajaza sufuria na hata kikombe cha chai. Juu, Nyati alipiga yowe, "Yamekuja! Yamekuja!" Pacha wakaogeshwa mpaka harara ikapoa. Maharage yakaanza kutokota.

Kisha Bi Pimbi akachukua kopo, akalitoboa kitundu kwa msumari, akalijaza maji na kuliweka juu ya ufa. Tone. Tone. Tone.

"Aaaah!" ikasikika kutoka chini. "Mama Pacha! Usiache!"

"Siachi, mzee! Mradi na wewe usifunge!"

"Nani afunge? Nina wazimu?"

Tangu siku hiyo Bi Pimbi aliweka kopo moja kila asubuhi, na koki haikufungwa tena. Kiboko alijisifu kwa kila aliyepita mlangoni: "Yule mdogo wa juu yangu nimempa kazi. Ananitumikia!"

Nyati alikasirika. "Na wewe unakubali aseme hivyo?"

"Mwache aseme, jirani," Bi Pimbi alijibu. "Hebu nisogezee hiyo ndoo, hii imeshajaa."

Basi, wanangu, mwenye nguvu ukimsukuma naye atakusukuma; wewe tafuta anapowashwa.