Maji Yaliyopumua

Tegeni masikio, wanangu. Kipupwe kimoja ziwa lilipoa, samaki wakatoweka, hadi mvuvi Misana akagundua ghuba yenye maji moto.

"Mama Sungwa, njoo! Sato wamejaa tele!"

Kabula, mkewe, alichovya kiwiko, kama apimavyo maji ya kumwogeshea mtoto. Hatua ya kwanza, baridi. Ya pili, vuguvugu. Ya tatu, joto likaja, likaenda, likaja tena.

"Baba Sungwa, toka! Maji yanapumua!"

"Wewe na kiwiko chako!"

Kabula alimtupia wavu, akamburuta mzobemzobe mpaka nchi kavu. Papo hapo miamba ya ghuba ikajifunga, kwa! Kumbe ghuba ilikuwa kinywa cha zimwi! Wakaduwaa, wakilitazama likiutafuna mtumbwi wao polepole, kama muwa.

Ngano yangu imefika ufukweni, bado inatetemeka.