Wali Uliopaliwa Makaa

Mfunua wali uliopaliwa hula majivu. Ndivyo alivyoambiwa Kibibi hivi punde, mkono wake ukiwa umeshafika kwenye mfuniko, naye badala ya kuona haya akauliza nani aliyeanza kusema hivyo. Swali zuri. Kaeni basi, wajukuu, wali wenyewe bado. Methali hii ilianza hivi.

Huko Kwemvumo, milimani, aliishi mama mmoja jina lake Bi Chausiku, pamoja na mumewe Mzee Shekigenda. Kwemvumo ni mahali pa ukungu. Ukungu wa kule haupigi hodi; huingia tu, ukakaa jikoni ukaota moto pamoja na watu, na mtu aliyevuka uani akarudi huweza kudhani ametoka safarini. Bi Chausiku alikuwa mkarimu na mchapakazi, ila subira hakujaliwa. Aliwahi kufukua viazi ambavyo havijakomaa ili aone tu vimefika wapi. Mumewe alikuwa akisema kwamba mkewe huyo, laiti angeweza, angemwamsha jogoo ili kupambazuke upesi.

Walikuwa na binti mmoja, Mboni, aliyeolewa nyikani, chini ya milima. Tangu siku ya harusi Bi Chausiku aliweka sandukuni mbeleko mpya, nguo ya kumbebea mjukuu mgongoni, akaitilia karafuu ili wadudu wasiikaribie. Kila mtu aliyeteremka nyikani alipewa ujumbe ule ule: mwambieni Mboni mbeleko inaliwa na nondo. Ulikuwa utani wa mama kwa mwanawe, na waliotumwa waliufikisha huku wakicheka.

Mwaka wa pili, wakati wa mvua za vuli, Mboni alirudi peke yake na kifurushi kidogo. Alisalimu, akanawa miguu, akaenda kulala. Sasa desturi ya Kwemvumo ilikuwa hii: binti aliyeolewa akirudi kwao bila kuitwa, haulizwi lililomrudisha. Huachwa apumzike mpaka mwenyewe aombe jiko. Siku atakapopika na kuwapakulia wazazi wake kwa mkono wake, ndipo atakaposema, maana mtu aliyekwisha kulisha watu wake hasemi kama mshitakiwa.

Siku tisa Mboni hakuomba jiko. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akiutazama ukungu unavyoipanda migomba, na mara nyingine ilikuwa vigumu kujua yeye yuko wapi na ukungu uko wapi. Bi Chausiku alimpikia, akamtandikia, akajiuma ulimi. Kichwani mwake alikwisha kumwachisha binti yule mara tatu: mara kwa ajili ya mke wa pili, mara kwa ajili ya mawifi, mara kwa kosa ambalo hata kulitaja aliogopa. Aliumia sana, tusimlaumu bure. Mtoto wake alikuwa mbele ya macho yake na hakuweza kumfikia.

Siku ya kumi Mboni aliomba jogoo, siagi na vitunguu saumu, akauliza kama maziwa ya jana yamebaki. Bi Chausiku alivileta vyote kwa mkupuo mmoja, na kibuyu cha siagi nusura kimponyoke.

Mboni alipika polepole kama anayeota. Vipande vya kuku alivipaka chumvi na ndimu, akaviweka kwenye siagi iliyoyeyuka, akaviacha vigeuke rangi bila kuvisumbua. Saumu aliitwanga, akaitia mwishoni, moto ukiwa mdogo, kisha akawa anachota ile siagi kwa kijiko na kuvimwagia vipande vile tena na tena. Harufu ilijaa jikoni, ikatoka nje, ikachanganyika na ukungu. Mzee Shekigenda, aliyekuwa akichonga mpini uani, aliacha kuchonga. Alisema baadaye kwamba kwa kitambo kidogo alidhani mama yake mzazi amefufuka.

Kisha wali. Mboni aliukaanga mchele kidogo kwa siagi, akautia maziwa mazito pamoja na malai yake, yale mafuta yanayoganda juu, akaukoroga mpaka ukaanza kuvuta. Wali wa maziwa haupendi moto wa chini, huungua upesi. Kwa hiyo alipunguza moto, akafunika sufuria kwa kipande cha bati, akapanga makaa mekundu juu ya bati hilo, ili joto lishuke kidogo kidogo na malai yabaki laini. Huko ndiko kupalia. Na mfuniko wa palio una adabu yake: kwanza huondolewa makaa kwa koleo, moja moja, kisha jivu hupanguswa kwa bawa la kuku, halafu ndipo hufunuliwa. Akatoka kwenda kukata majani ya mgomba ya kupakulia.

Bi Chausiku akabaki peke yake na sufuria. Aliisikia ikisemasema ndani. Aliwaza kwamba kama wali umeiva, Mboni atapakua sasa hivi, na akipakua atasema, na moyo wake utatulia. Ni kuchungulia tu, alijiambia. Akashika ukingo wa bati kwa ncha ya kanga, akaliinua upande mmoja.

Makaa yaliteleza. Moja lilianguka ndani likatoa sauti kama limemwagiwa maji, na jivu lote likamwagika juu ya wali uliokuwa mweupe.

Mboni alikuwa amesimama mlangoni na majani yake mkononi. Hapo mama mtu angeomba radhi na mambo yangeisha. Lakini aibu ikimpata mtu asiye na subira humfanya akimbilie mbele.

"Basi sema, mwanangu," alisema. "Kakuacha?"

"Hajaniacha, mama."

"Kuna nini, basi? Umefanya nini?"

Mboni aliyaweka majani chini taratibu, kama mtu anayelaza kitu kisiamke. Alimpakulia kuku baba yake, aliyekuwa ameingia kuifuata harufu, hakuketi, akarudi chumbani. Ukungu ukaingia mahali alipokuwa amesimama.

Mzee Shekigenda alivuta sufuria akatazama ndani. Hakuwa mtu wa kugomba. Aliliengua tabaka lote la juu, lile lenye jivu, akalitia katika sahani ya mkewe.

"Mfunua wali uliopaliwa hula majivu," alimwambia. "Kula, mke wangu. Usimwage neema."

Bi Chausiku alikula. Jivu lilimkwaruza meno na machozi yalimtoka, na hakuacha hata punje.

Wiki mbili zilipita Mboni hasemi ila salamu, kisha akatangaza kwamba Ijumaa atateremka nyikani na watu wa gulio. Bi Chausiku alielewa maana yake. Mwanawe angeshuka na mzigo ule ule aliopanda nao, na pengine asingepanda tena. Alitaka kumshika mguu, kumwomba, kumbembeleza. Badala yake akaenda kutikisa kibuyu cha siagi, akakiweka jikoni kikiwa kimejaa, akafunga jogoo mmoja kando yake, akaweka na mafungu ya saumu, akaondoka bila neno. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Alhamisi, tangu asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata kuku hawakutoka bandani. Katikati ya ukungu huo harufu ikaanza, siagi kwanza, halafu saumu. Bi Chausiku aliingia jikoni akaketi kwenye kigoda mbali na moto, akaikalia mikono yake yote miwili. Mboni alimwona. Alifunika wali, akaupalia makaa, akaketi upande wa pili.

Walikaa hivyo. Makaa yalikuwa mekundu, yakafifia, yakaanza kuvaa jivu. Mvua ikanyesha ikakoma. Bi Chausiku hakujua kama alikuwa macho au amesinzia. Alimwona Mboni mtoto wa miaka mitatu, akamwona mkubwa, akamwona mtoto tena. Mikono ilimfa ganzi, na bado hakuitoa.

Mwishowe Mboni akachukua koleo. Akaondoa kaa moja, la pili, yote. Akapangusa bati kwa bawa mpaka likang'aa, akafunua. Mvuke ukapanda ukamfunika uso, na alisemea ndani ya mvuke huo.

"Nilikuwa naye tumboni, mama. Miezi mitano. Akatoka." Akachota wali, akauweka kwenye jani la mama yake. "Sikujua nitakwambia vipi, na mbeleko inaliwa na nondo."

Bi Chausiku aliinuka akaenda sandukuni, akarudi na ile mbeleko ikinukia karafuu. Akampigia mwanawe magoti, akamzungushia nguo ile tumboni, akaikaza na kuifunga, vile anavyofungwa mkaja mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Wewe ni mzazi," alimwambia. "Nisamehe. Sasa kula, na mzazi hali kidogo."

Mboni alilia hapo kwa mara ya kwanza, kilio cha sauti, na baba yake akaja akakaa nao chini. Kuku alikuwa amelainika hata mfupa ulichomoka wenyewe. Walikula wote watatu kwenye jani moja, ukungu ukiwa umewazunguka, na Ijumaa watu wa gulio waliondoka bila Mboni. Alikaa mpaka siku zake arobaini zikatimia, mumewe akapanda kumchukua, na yeye pia akapikiwa.

Mbeleko ilirudi sandukuni. Ujumbe wa nondo haukutumwa tena. Mwaka mmoja na nusu baadaye Bi Chausiku mwenyewe aliteremka nyikani akiwa nayo kichwani, na aliyebebwa ndani yake ndiye huyu bibi yenu anayewasimulia.

Haya, Kibibi, makaa yamevaa jivu. Sasa chukua koleo. Moja moja, mjukuu wangu, usiwe na haraka, bawa liko hapo ukutani. Mfunua wali uliopaliwa hula majivu.