Maji Yaliyoonekana Kutoka Juu ya Lori

Aliyebebwa hasimulii njia. Mmeisikia leo kwenye mashindano ya baiskeli, pale kijana aliyedandia pikapu mlimani alipoanza kujisifu, nanyi mkacheka hadi mkashika mbavu. Sasa mnauliza nani aliisema kwanza. Nitawaambia, lakini walioizaa hawakuwa wakicheka.

Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Usukumani, enzi ambazo baiskeli ilikuwa mali ya kuoneshwa wageni, palikuwa na mwanamke akiitwa Nkwimba, mrefu, mkavu, asiyechoka. Kila kiangazi, kabla ng'ombe hawajahamishwa, kijiji kilimtuma mtu mmoja atangulie hadi malishoni, aonje maji ya kila kisima, kisha arudi akae kwenye kigoda mbele ya wazee aisimulie njia. Mtu huyo aliitwa mtangulizi. Tangu usichana wake, kazi hiyo ilikuwa ya Nkwimba, kwa baiskeli aliyopewa na baba yake. Wenzake waliiona ni adhabu. Yeye aliingoja kama watoto wanavyongoja sikukuu. Alipenda pale ambapo miguu huacha kulalamika, pumzi ikatulia, na mtu akasahau ametoka wapi.

Akaolewa humohumo kijijini, akajifungua mtoto, Holo. Mtoto alipoanza kutambaa, kiangazi kikaingia, naye Nkwimba akatoa baiskeli autie mnyororo mafuta. Baba mkwe wake, mzee Sagenda, akasema bila hata kumtazama, "Mwaka huu atakwenda Luhende. Mwanamke mwenye mtoto hazururi."

Kuzurura! Miaka yote aliyowatafutia maji, leo inaitwa kuzurura. Luhende, mdogo wa mumewe, akaichukua baiskeli hiyohiyo bila hata kuomba. Mumewe, Ngassa, akatazama chini.

Siku zile Nkwimba alitwanga mtama kwa hasira hadi mchi ukavunjika. Mama mkwe wake, bibi Limi, alimwona akinyonyesha huku miguu yake inazunguka yenyewe chini ya kigoda.

Luhende alirudi upesi mno, tena amenawiri. Akaketi kwenye kigoda. "Njia nyeupe, wazee wangu. Kisima cha Mwagala kimekauka, lakini mbele yake kuna bwawa linametameta hadi macho yanauma. Wapelekeni ng'ombe moja kwa moja."

Nkwimba alikuwa nyuma, pamoja na wanawake, ameishika baiskeli yake. Akakitazama kiti cha baiskeli. Luhende alikuwa mfupi. Bila kukishusha kiti kile, miguu yake isingefika kwenye pedeli. Lakini kitambaa ambacho Nkwimba alikifunga juu ya nati ya kiti kilikuwa palepale, na fundo lake lilelile.

Akapenya hadi mbele, mtoto mgongoni.

"Shemeji, maji hayo uliyaonja?"

"Niliyaona."

"Sikuulizi habari za macho. Uliyaonja?"

"Yalikuwa mbali kidogo na barabara."

"Basi panda baiskeli hii hapa, mbele ya baba, tuone unavyozifikia pedeli."

Luhende akajikuna shingo. Mzee Sagenda akanguruma, "Unamvunjia mwanangu heshima barazani?"

"Nawatetea ng'ombe wako, baba."

"Kaa kimya!"

Kesho yake alfajiri ng'ombe wakaswagwa, Ngassa akiongoza. Nkwimba alilia, si kwa huzuni, kwa ghadhabu tupu. Ndipo bibi Limi alipoingia na kunyoosha mikono.

"Nipe mtoto. Maziwa ya mbuzi yapo."

"Baba atakasirika, mama."

"Na akasirike! Amekasirika tangu aliponioa. Nenda."

Akaenda. Aliwapita ng'ombe kwa njia ya mkato, na kila alipokanyaga pedeli alilikanyaga lile neno, kuzurura, kuzurura. Maziwa yalimjaa yakalowesha blauzi. Alipovuka vilima, pumzi ikatulia, na ile furaha yake ya zamani ikamjia. Akachukia hata hapo, kwamba kitu kilicho chake amelazimika kukiiba.

Hapakuwa na bwawa. Palikuwa na uwanda wa magadi, mweupe, unang'aa juani, na katikati yake maji kidogo machungu kama nyongo. Akayachota kwenye kibuyu. Kisha akaufuata mto mkavu, akichimba mchanga kwa mikono kila penye kona, hadi akapata maji matamu. Kucha zilikuwa zimetoka damu.

Alipowarudia ng'ombe, ndama waliokuwa dhaifu walishakufa njiani. Akamtupia Ngassa kibuyu.

"Onja bwawa la mdogo wako, Baba Holo."

Ngassa akaonja, akatema. Aliwatazama ng'ombe, akamtazama mkewe. "Matamu yako wapi?"

"Nifuate. Na safari hii usitazame chini."

Waliporudi, baraza likaitishwa. Luhende akasimama kujitetea: jua lilikuwa kali, lori la pamba lilikuwa linapita, akapandisha baiskeli na mwenyewe akapanda. "Lakini njia niliiona yote, wazee, tena kutoka juu—"

Bibi Limi hakuwa amewahi kusema neno mbele ya baraza. Siku hiyo alinyanyuka. "Funga mdomo! Ulibebwa kama gunia la pamba. Gunia nalo litueleze lilikopita? Aliyebebwa hasimulii njia."

Mzee Sagenda akakisukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwa mkaza mwanawe. Nkwimba hakukaa.

"Kwanza lile neno, baba. Lirudishe."

Watu wote walimngoja mzee, hata watoto.

"Hukuwa unazurura," akasema.

Hapo ndipo Nkwimba alipokaa, akaanza kuisimulia njia tangu mlangoni pake, kona kwa kona, na hakuna aliyemkatiza.

Sasa nendeni kwa yule kijana wa pikapu. Msimcheke; kicheko hakimfundishi mtu kitu. Mrudisheni chini ya mlima, mumpe baiskeli yake, apande kwa miguu yake mwenyewe, kisha mkae mumsikilize. Kabla ya hapo asitupigie kelele. Aliyebebwa hasimulii njia.