Fisi, Kindi na Gogo la Asali

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Tuambie wewe, masikio tumeshayafungua.

Pakawa mti mbovu, kamba ndefu na tumbo lisilojaa. Sogeeni, ila msikanyagane.

Hapo kale Kindi aliishi kwenye tundu la mninga pamoja na watoto wake, ambao walikuwa hawajafumbua macho. Kazi yake ilikuwa kupanda miti iliyooza na kuishusha kabla haijamwangukia mtu. Kando ya mninga palikuwa na mkuyu mkongwe. Kindi aliugonga mninga wake, ukalia ngo, ngo, ngo. Akaugonga mkuyu, ukalia bu, bu, bu. Umeoza ndani, tena umeinamia tundu la watoto. Na mawingu ya masika yalikuwa yanakusanyika.

"Huu naushusha leo," alisema Kindi.

"Thubutu," ilijibu sauti shinani. Alikuwa Fisi, amejilaza. "Mkuyu huu una asali ndani, na asali ni yangu. Nangoja uanguke wenyewe."

"Utawaangukia wanangu, Bwana Fisi."

"Wahame."

"Wahamie wapi? Kila tundu lina mwenyewe."

"Hayo ni yako. Ukiugusa mti wangu nakutafuna, wewe na huo mkia wako wa ufagio."

Kindi alijikuna kidevu. Kumpiga Fisi, hawezi. Kungoja, hawezi. Akasema polepole, "Sawa. Ila mti ukianguka wenyewe, asali itamwagika. Kobe atalamba, Kanga atalamba, Digidigi atalamba. Ukishushwa kwa kamba, haimwagiki hata tone. Na sisi wapanda miti tuna desturi yetu: kinachoshuka ni mali ya aliyeshika kamba."

Fisi aliinuka. "Yake peke yake?"

"Peke yake."

"Basi unangoja nini? Lete kamba."

Kindi alikuwa na kamba mbili za katani, zote fupi. Akazifumua ncha, akaanza kuzisuka pamoja: uzi juu, uzi chini, vuta. Uzi juu, uzi chini, vuta.

"Si upige fundo tu," Fisi alinung'unika.

"Fundo litakwama kwenye tawi. Kamba ya kusukwa hupita kama nyoka."

Akaipitisha kamba juu ya tawi nene la mninga, maana mti mbovu haubebeshwi mzigo. Ncha moja akapanda nayo mkuyu. Nyingine akampa Fisi.

"Izungushe kwenye shina la mninga, mara tatu. Shina lipokee uzito."

"Kwa hiyo shina nalo litakuwa limeshika kamba?"

"Litakuwa limeshika."

"Halafu lidai fungu lake? Akili yako, Kindi." Fisi akajifunga kamba kiunoni, fundo juu ya fundo juu ya fundo.

Kindi alimtazama, akameza kicheko, akaenda kileleni, akafunga tawi na kuanza kulikata kwa meno.

Kwaru, kwaru, kwaru. Tawi la kwanza likashuka taratibu.

"Lina asali hili?"

"Bado, Bwana Fisi. Iko chini."

Kwaru, kwaru, kwaru. Tawi la pili likamfanya Fisi asimame kwa ncha za vidole.

"Lina asali hili?"

"Bado, Bwana Fisi. Iko chini."

Kwaru, kwaru, kwaru. La tatu likamwinua, akachezesha miguu hewani, akatua. Nyuki walipoona paa lao limeondoka, wakahama wote, vuuu.

Likabaki gogo nene lililojaa masega. Kindi akalifunga barabara. "Hili ndilo lenyewe. Huzungushi kamba?"

"Kata, wewe."

Kwaru, kwaru, kwaa.

Gogo likashuka. Fisi akapanda. Walipopishana katikati alitoa ulimi alilambe, akalikosa. Gogo likatua kwenye majani, tii. Fisi akafika juu, pua yake ikagusa tawi la mninga.

"Karibu," alisema Kindi, aliyekuwa ameshaurukia mninga. "Tuongee taratibu, watoto wamelala."

"Nishushe."

"Nikiikata kamba utashuka. Tena upesi."

Fisi alitazama chini. Kobe, aliyekuja akifuata harufu ya asali, alionekana kama kifungo cha shati. "Njia nyingine hakuna?"

"Ipo. Gogo lipunguzwe uzito."

"Lipunguzwe nini?"

"Kilichomo ndani."

Upepo ukampindua Fisi huku. Upepo ukampindua kule.

"Kobe," aliita kwa sauti nyembamba. "Ndugu yangu Kobe, onja. Kidogo tu."

Kobe akaonja. Fisi akashuka kidogo, kii.

"Onja tena."

"Ahsante, mimi si mtu wa kudoea."

"Doea, ndugu yangu. Nakusihi, doea. Waite na wanao."

Basi Kobe akawaita wanawe. Kanga akaja na bakuli. Digidigi akaja na shemeji zake, wakawa wanayatoa masega na kuyalamba chini. Lamba, lamba, Fisi kii. Lamba, lamba, Fisi kii. Kindi naye akashuka na kibuyu chake, akachota ya watoto. Miguu ya Fisi ilipogusa ardhi, mtoto wa Kobe alikuwa anafuta sega la mwisho kwa kidole.

Jioni masika yakaingia na upepo wake. Mninga ukayumba kidogo, kama anayebembeleza watoto, na hakuna kilichouangukia.

Haya, wanangu, hadithi imeshuka salama, nami nimekunja kamba yangu. Funzo lake mnaliona: tuwe wakarimu kama Fisi, aliyewabembeleza majirani wale asali yake mpaka ikaisha, na yeye mwenyewe hakuonja hata tone.